Dhoruba imepiga kambi yako Naivasha? Anza na miti na maji, mabati baadaye

Upepo ukishapita, mtu wa kwanza kuitwa kambini huwa ni fundi wa mabati. Mi nasema fundi wa mabati angoje kwanza. Naongea kuhusu kambi za hapa kando ya ziwa Naivasha, zile za South Lake Road zinazopokea watu wa bodi za tanga, windsafingi yaani, na kitu ninachopinga kabisa ni hii tabia ya kurudisha kila kitu pale pale kilipokuwa, banda pale pale, choo pale pale, halafu masika yakirudi mnaanza upya na pesa imeisha.

Manake ziwa lenyewe halijakaa mahali pamoja. Mito ya Malewa na Gilgil inaleta maji na hakuna mto wowote wa juu ya ardhi unaoyatoa, kwa hivyo ziwa hupanda na kushuka jinsi mvua inavyotaka, na 2020 lilipanda mpaka watu wa mtaa wa Kihoto wakahama nyumba zao. Ufuko uliopo saa hii, sehemu nyingi ulikuwa nyasi ya kambi au shamba la mtu. Ukilielewa hilo, kazi yote ya ukarabati inabadilika mpangilio.

Siku ya kwanza usiguse kitu mpaka stima izimwe kwa meni swichi, na kama kuna waya umeanguka chini au umelala juu ya mti, piga simu Kenya Power na ukae mbali nao hata kama unaonekana umekufa. Hili kwa kambi ya bodi za tanga ni zito zaidi kwa sababu mlingoti wa bodi una urefu wa mita 4 na zaidi na mingi ni ya kaboni, na kaboni inapitisha umeme, so mgeni akibeba mlingoti begani chini ya waya uliolegea ni hatari ya kifo. Ukirudisha laini ya stima, ipitishe chini ya ardhi kwenye bomba lake au uitoe kabisa upande wa ufukoni.

Halafu miti. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Migunga yetu ile ya gome la manjano inapenda unyevu lakini haivumilii kusimama ndani ya maji muda mrefu, mizizi inakosa hewa, mti unakufa ukiwa umesimama, na unaweza kukaa hivyo miaka ukionekana mzima kwa mbali. Dhoruba inauangusha mmoja na kuulegeza mwingine ambao utaanguka wiki mbili baadaye siku ambayo hakuna upepo wowote. Kwa hivyo usihesabu tu iliyoanguka, pita kwa kila mti uliobaki. Angalia gome linalobanduka, uyoga unaoota chini ya shina, udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja, mti unaoinama kuliko ulivyokuwa unainama mwezi uliopita. Inua macho pia, kuna matawi yaliyovunjika yakashikwa na matawi mengine huko juu na hayo ndo huua watu kwenye hema. Mti wowote una shaka nao, funga utepe, na usiruhusu hema ndani ya umbali ulio sawa na urefu wa huo mti, pande zote.

Ya kukata, tafuta mtu wa pawasoo anayejua miti iliyolala, si yule wa kupasua kuni tu, kwa sababu shina lililojikunja baada ya kuanguka lina nguvu limeibana ndani na likikatwa upande usiofaa linaruka na kumpiga mkataji. Ulizia kibali cha kukata kabla hujaanza. Na tafadhali usikate yote. Migunga mikavu iliyoko mbali na watu iache isimame, furukombe na minandi wanaitumia, na kusema ukweli wageni wengi wanakuja kwa ajili ya hao ndege karibu sawa na upepo.

Usiku wa kwanza tu tayari una shida nyingine, kiboko. Ile fensi ndogo ya stima inayozuia viboko wasipande kwenye nyasi huwa ndo kitu cha kwanza kukatika, na kiboko hupanda usiku kula na hajali kama pale ni kwenye mahema. Inyooshe upya kabla giza haijaingia, waya uwe usawa wa goti la mtu mzima au juu kidogo, fyeka nyasi na matete yote yanayougusa maana kila jani linalogusa waya linaiba nguvu, halafu pima kwa tester mwisho kabisa wa laini. Tumia mashine yake maalum ya fensi, usije ukaunganisha waya moja kwa moja na stima ya nyumbani, huo utaua mtu. Kama fensi haiwezekani leo, basi leo hakuna mgeni analala. Na wafanyakazi wote waambiwe tena hata kama wanajua, usisimame kati ya kiboko na maji.

Sasa ndani ya maji, sehemu ambayo wenye kambi wengi huwa wanairuka kwa sababu haionekani. Ziwa lilipopanda lilifunika fensi za watu, nguzo, waya wa miba, visiki, misingi ya mabanda, na dhoruba inavisogeza hivyo vitu kutoka mahali mlipovizoea. Juu yake ongeza nyavu za wavuvi zilizokatika. Mtu akiwa kwenye bodi kwa kasi halafu fini, lile pezi la chini ya bodi, ikashika waya, bodi inasimama ghafla na yeye anarushwa mbele juu ya mlingoti, miguu ikiwa bado imefungwa kwenye mikanda ya bodi. Kwa hivyo ingia na boti asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia, maana upepo huku huamka mchana, watu watatu, mmoja anaendesha, mmoja anachoma chini kwa mti mrefu, mmoja kazi yake ni kuangalia viboko tu na hafanyi kingine. Pita kwa mistari iliyonyooka, iliyo karibu karibu, kuanzia ufukoni mpaka kina cha kifua. Kila mnachokigusa ambacho hakitoki, fungeni jerikeni ya rangi kali juu yake. Kabla hata ya kuanza, nenda ukaongee na wavuvi wa Kamere au Karagita na uwalipe kwa muda wao, wao wanajua fensi ya nani ilizama wapi.

Mafunjo yaliyoletwa na upepo ni hadithi mbili tofauti. Kisiwa kinachoelea kikija kikakaa kwenye njia ya kuingilia, ngoja upepo ugeuke, fungia kamba, kivute na boti polepole, lakini chunguza kwanza maana kiboko hupumzika ndani. Yale mafunjo yaliyoota pembeni na kushika ukingo, usiyang'oe, ndo yanayokula nguvu ya mawimbi badala ya udongo wako. Udongo wa hapa ni majivu ya volkano, mwepesi, ukiuacha wazi unaondoka na wimbi. Kata njia moja ya kutosha bodi mbili kupishana, mafunjo mengine yabaki. Magugu maji yatoe siku hiyo hiyo yaliyofika, yarundike mbali na maji yakauke, baada ya hapo ni mbolea nzuri kwa nyasi, lakini ukiyasukuma tu yarudi ziwani umejiongezea kazi ya mwezi ujao.

Uwanja wa kufungia matanga ya bodi kwenye milingoti naupa umuhimu kuliko banda lolote. Tanga la kisasa sehemu kubwa ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga na kipande kidogo cha glasi kinalipasua mpaka chini. Okota kwa mkono, halafu pita na sumaku iliyofungwa kwa kamba kuokota misumari ya mabati, halafu pita tena baada ya mvua ya kwanza maana inaibua zingine. Kila mtu anahitaji kama mita 5 kwa 3. Kumbuka pia tuko mita 1,890 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, so mtu aliyezoea tanga la mita za mraba 5.5 kule Pwani atahitaji kama 6.5 hapa kwa upepo ule ule, kwa hivyo usibane nafasi. Sehemu zilizochimbika jaza udongo, shindilia, panda vipande vya nyasi ya Kikuyu futi moja moja, mwagia, zuia watu wasikanyage mpaka ishikane. Kokoto hapo hapana. Miti mipya pia hapana upande ule upepo wa mchana unakotokea, kivuli cha upepo kinafika mbali sana nyuma ya mti na kinachobaki ni upepo wa kukatika katika ambao haufai kwa mtu yeyote. Panda nyuma, kwenye mahema, huko kivuli kinahitajika.

Choo na maji sasa. Septiki iliyofurika usiinyonye haraka wakati udongo bado umejaa maji, tangi tupu linaweza kuinuka au kubonyea, funga choo, ngoja maji ya chini yashuke. Choo kipya kijenge juu, mbali na ziwa, shimo lake liishie angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kama haiwezekani basi kiinue juu ya ardhi. Tangi la maji ya mvua lililoingia uchafu, mwaga, sugua, lijaze, kwa kila lita 1,000 weka lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, fungua kila bomba mpaka harufu itoke, acha usiku mzima, kisha mwaga kwenye ardhi kavu, si ziwani, na usuuze. Lithamini hilo tangi kwa sababu maji mengi ya bore hapa Bonde la Ufa yana floridi nyingi.

Mabanda yenyewe ni mepesi kuyaelezea. Kabla ya kumwaga zege lolote pitia NEMA, mamlaka ya mazingira, na WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, uonyeshwe mpaka wa ardhi ya ukingo, na jenga vitu vya kuhamishika, nguzo na mbao, juu ya ule mstari wa takataka ambao dhoruba imeuacha. Mabati huanza kung'oka pembeni, kwa hivyo kwenye kingo piga msumari kila mgongo wa bati badala ya kuruka mmoja, na funga mbao za paa kwenye nguzo kwa vipande vya chuma bapa.

Bodi za kambi zilizogongwa usizirudishe majini siku hiyo. Ndani ni povu, likinywa maji bodi inakuwa nzito na inaoza. Kausha kivulini siku kadhaa ufa ukiangalia chini, halafu ziba kwa epoksi. Ile resini ya kawaida ya polyester inayotumika kwa boti inayeyusha povu la ndani, fundi wa boti asiyejua bodi atakuharibia kabisa. Mlingoti wenye ufa hata mdogo, weka kando.

Ukiwa tayari kufungua, anza na wageni wa mchana tu, wenyeji wanaolijua ziwa, wakueleze wamegusa nini chini. Na chomeka mti wenye alama za sentimita kwenye maji yaliyotulia karibu na gati, usome kila Jumatatu na uandike kwenye daftari, ukiona maji yanapanda wiki nne mfululizo anza kusogeza mahema kabla mvua haijakulazimisha.