Kuita maktaba za hesabu ukiwa ndani ya Guile

Hapa Uyole, Mbeya, nalinganisha mvua na mavuno ya viazi kwa lugha ya programu ya Scheme, nikitumia Guile, mojawapo ya programu zinazoiendesha. Vijana ninaofanya nao kazi hupenda kuanza kwa kuandika wenyewe programu ya kuzidisha matriksi, yaani majedwali ya namba. Huwa nawasihi waache. Maktaba za hesabu za vekta na matriksi zipo tayari: BLAS ipo tangu 1979, LAPACK tangu 1992, na zimepita mikononi mwa wajuzi wengi.

Tafuta kwanza kama kuna aliyekwisha kuziunganisha na Scheme yako. Chicken, programu nyingine ya Scheme, kwa mfano, ina hifadhi ya vifurushi viitwavyo eggs. Ukikosa, unganisha mwenyewe. Kwenye Ubuntu au Debian sakinisha libopenblas-dev, kifurushi chenye BLAS. Kile kifurushi kisicho na "-dev" hakikuletei faili la libopenblas.so, na Guile itasema maktaba haipo ilhali umeiweka. Kisha:

(use-modules (system foreign) (srfi srfi-4))
(define blas (dynamic-link "libopenblas"))
(define ddot
  (pointer->procedure double
    (dynamic-func "cblas_ddot" blas)
    (list int '* int '* int)))
(define x (f64vector 1.0 2.0 3.0))
(define y (f64vector 4.0 5.0 6.0))
(ddot 3 (bytevector->pointer x) 1
        (bytevector->pointer y) 1)

Hapo ddot inazidisha namba za x na y jozi kwa jozi, kisha inajumlisha. Jibu ni 32.0, yaani 4 na 10 na 18.

Kazi yote iko kwenye ile orodha ya aina. Fungua cblas.h, faili lenye matamko ya BLAS kwa lugha ya C, usome tamko la C neno kwa neno: namba kamili ni int, anwani ya vekta ni '*, jibu ni double. Guile haina namna ya kukuhakiki hapo. Ukiandika float penye double, haitalalamika. Itakupa namba ya ovyo, na namba hiyo itamfikia mkulima anayesubiri kujua apande lini. Ndiyo maana kila ninachounganisha nakijaribu kwanza kwa hesabu ninayoweza kuifanya kwenye karatasi.

LAPACK ina jambo lake. Ni ya Fortran, hivyo husoma matriksi safu wima kwanza. Ukiipa jedwali la mvua la vituo kwa miezi, ulilopanga kwa safu mlalo, vituo vinageuka miezi kimyakimya. Kwenye majaribio yangu naweka Tukuyu, penye zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, pamoja na bonde la Usangu, lisilofikia nusu ya hizo. Usangu ikitoka na mvua nyingi kuliko Tukuyu, najua nimegeuza safu.

Wa Chicken wana njia fupi zaidi, kwa sababu foreign-lambda inapokea f64vector yenyewe bila kupitia anwani:

(import (chicken foreign))
(foreign-declare "#include <cblas.h>")
(define ddot
  (foreign-lambda double "cblas_ddot"
    int f64vector int f64vector int))

Wakati wa kukompaili ongeza -lopenblas.