Kabla ya Kukodi Boti ya Uvuvi wa Michezo: Mambo ya Kuzingatia

Unapokodi boti pamoja na nahodha wake, unacholipia hasa ni saa. Hesabu huanza kamba zinapofunguliwa gatini, na sehemu kubwa ya muda huweza kuliwa na mwendo kabla ndoano haijalowa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nahodha, kabla hata ya bei, ni hili: eneo la kuvulia liko mbali kiasi gani kwa mwendo wa boti hii? Kama ni saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, safari ya saa 8 inakuachia saa 5 za kuvua, na ya nusu siku ya saa 4 inakuachia saa moja tu. Wengi huchagua nusu siku ili kubana matumizi, kumbe wamelipia matembezi. Ukiwa na nusu siku, omba eneo la karibu na uridhike na samaki wa hapo.

Swali la pili linahusu samaki, na hapa usione haya kusema ukweli. Mwambie nahodha mko wangapi, nani amewahi kushika fimbo ya kuvulia, kama kuna watoto, na kama mnataka kitoweo au pambano na samaki mmoja mkubwa. Kurambaza, yaani kukokota chambo bandia nyuma ya boti inayokwenda noti 6 hadi 9 (kama kilomita 11 hadi 17 kwa saa), ndiyo njia ya kuwatafuta nduaro, sulisuli na jodari. Lakini siku ya kusaka nduaro huweza kupita bila mshipi kuguswa, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Kuvua chini juu ya mwamba, kwa chubwi (kizito kinachouzamisha mshipi) na chambo cha vipande, huleta changu na chewa, na watoto hawakai bure. Kundi la wanaoanza likipelekwa kurambaza kutwa nzima hurudi limechoka na limenuna. Ushauri wetu kwao ni kuvua chini asubuhi, kisha kurambaza wakati wa kurudi.

Uliza pia wamekamatwa samaki gani katika wiki mbili zilizopita, maana picha za tangazo huenda ni za msimu mwingine. Na uliza habari za maji. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali, chubwi haitulii chini na mishipi husokotana; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, humfaa zaidi anayejifunza kuvua chini.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Yataje kama bei inajumuisha mafuta, chambo, barafu, vifaa, leseni ya uvuvi na kusafisha samaki; malipo ya awali yatarudishwa vipi bahari ikichafuka; na samaki ni wa nani, kwa kuwa kuna boti ambazo samaki hubaki mali ya mwenye chombo. Nahodha akisema leo hatutoki, usimshawishi.

Boti ya kurambaza huweza kutoa fimbo 4 hadi 6 kwa pamoja, ila samaki mkubwa hupiganwa na mtu mmoja. Pangeni zamu mkiwa bado nchi kavu, tena mseme wazi kama samaki aliyechomoka amemaliza zamu ya mtu. Kama kuna anayewazia rekodi, amwambie nahodha mapema. Kwa kanuni za IGFA, shirika lililoanzishwa mwaka 1939 linalotunza rekodi za dunia za uvuvi wa michezo, mtu mwingine akigusa fimbo, rili (kifaa cha kukunjia mshipi) au mshipi mkuu wakati wa pambano, samaki huyo hahesabiki. Baharia mwema anayekukabidhi fimbo ambayo tayari ina samaki atakuwa ameiharibu rekodi bila kujua.

Kabla ya kupanda, hakikisha kwa macho yako kwamba kila mtu ana jaketi la kuokolea linalomtosha, watoto wakiwemo, na kwamba redio ya VHF inafanya kazi; chaneli ya 16 ndiyo ya kuitia msaada. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, kifafa au mzio amweleze nahodha, na dawa zake zikae mahali panapojulikana.

Kichefuchefu cha bahari kimeharibu safari nyingi kuliko ukosefu wa samaki. Kinga yake huanza jana yake: lala vya kutosha, acha pombe, usile vyakula vya mafuta mengi. Vidonge vya kichefuchefu humezwa angalau saa moja kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika havikai tumboni. Kibandiko cha skopolamini kinachowekwa nyuma ya sikio huhitaji saa 4 au zaidi ili kianze kufanya kazi, na huweza kudumu siku 3. Kina masharti yake, mwenye presha ya macho asikitumie, hivyo muulize daktari au mfamasia kwanza. Asubuhi kula kidogo, kitu kikavu, kwa sababu tumbo tupu nalo husumbua. Ukiwa baharini, kaa katikati au upande wa shetri (nyuma ya boti) ambako mrusho ni mdogo, mbali na moshi wa injini, macho yako kwenye upeo wa bahari. Usishuke chumbani wala usitazame simu.

Mavazi hayana mengi: shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, miwani inayokata mng'ao wa maji, viatu vya soli laini isiyoteleza, koti jepesi la mvua. Losheni ya jua iwe ya SPF 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa 2, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chambo. Maji ya kunywa yasipungue lita 3 kwa mtu kwa kutwa.

Sasa pambano lenyewe, ambalo watu hulijifunza wakiwa wamechelewa. Mwombe baharia akuonyeshe fimbo na rili kabla ya kutoka gatini. Breki ya rili huwa imepangwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani mshipi wa kilo 20 huachia kwa kilo 5 hadi 6 na nusu. Usiiguse bila kuambiwa. Kama ndoano ni za duara, usikurupuke kuvuta; acha mshipi ukaze, zungusha rili taratibu, na ndoano itajishika pembeni mwa mdomo. Samaki akikimbia, mwache akimbie, kwani kuzungusha rili ya spining (ile yenye waya unaozunguka na kuuviringa mshipi) wakati mshipi unatoka huusokota. Akitulia, inua fimbo polepole, kisha ishushe huku ukizungusha, bila kuuacha mshipi ulegee hata kidogo. Karibu na boti hukimbia tena ghafla, na hapo ndipo wengi humpoteza, kwa sababu wamekaza breki wakidhani wamemaliza. Usiuzungushe mshipi mkononi kamwe. Huweza kukata kidole. Wenzako nao waingize mishipi yao mara samaki anapouma, wasisongamane nyuma.

Samaki wa kuachiwa abaki majini wakati wa kupigwa picha. Boti iende pole ili maji yapite kwenye matamvua yake, na anayemshika alowanishe mikono, asimshike kwa matamvua.

Wa kuliwa huhitaji haraka zaidi. Jodari, fulusi na nguru wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi. Wakatwe matamvua damu itoke, kisha wazamishwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, ambayo hupoza upesi kuliko barafu peke yake kwa kuwa hugusa mwili mzima. Acha sanduku lako la barafu garini, ndani tayari lina barafu, kwa kuwa la boti halishuki na wewe. Minofu ifungwe kwenye mifuko isiyopitisha maji, barafu chini na juu, joto lisizidi nyuzi 4, na tundu la sanduku liachwe wazi maji ya kuyeyuka yatoke.