Kabla ya kuchimba choo, waulize wanawake

Kwetu Kongwa mtama na uwele vikishavunwa, uwanda wote unabaki mweupe. Mwanamke hana pa kujificha ila korongoni, na korongoni haendi mchana. Anajibana toka alfajiri mpaka giza liingie. Ili asibanwe, hanywi maji, na wengi wanaishia na mkojo unaochoma. Mimi ni fundi ujenzi, mwanamke, na kazi yangu kubwa ni vyoo vya kaya.

Choo changu cha kwanza kilikuwa na kuta nzuri na bati jipya. Mlango mwenye nyumba alisema ataweka mwenyewe, akaning'iniza kipande cha kanga. Miezi mitatu baadaye nikamkuta mkewe bado anashuka korongoni. "Mwanangu," akaniambia, "nikishachuchumaa upepo ukiinua ile kanga, uani wote wananiona." Upepo wa huku unajulikana. Tangu siku ile sishiki sururu kabla sijakaa na wanawake wa kaya hiyo peke yao: mama, binti, mkwe, bibi. Wanaamka saa ngapi? Wanaogopa kupita wapi? Nani hawataki awaone wakielekea chooni?

Majibu yao ndiyo yanayochagua mahali. Mimi naongeza masharti mawili tu: mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kutoka nyumba ya kulala isizidi hatua 30, maana usiku hatua ya arobaini haiendeki. Mlango usitazame barabara wala mti wanapokaa wanaume.

Shimo chimba la duara. La pembe nne hubomoka upesi. Upana mita 1, kina mita 3, ila maji yakichungulia chini, acha. Mchimbaji asiwe peke yake hata dakika moja. Udongo wetu wa kichanga hauaminiki, kwa hiyo jenga tofali kuanzia chini, ukiacha nafasi ndogo kati ya tofali na tofali maji yanywee. Mita ya juu ziba kabisa kwa saruji, kisha inua mdomo wa shimo sentimita 20 juu ya ardhi ili mafuriko ya masika yasiingie. Ukikadiria lita 50 kwa mtu kwa mwaka, kaya ya watu sita inakaa nalo miaka sita hivi.

Juu panga magogo magumu, shindilia udongo, kisha laza slabu ndogo ya sentimita 60 kwa 60, unene 5. Changanya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo, na ulaze nondo nyembamba ndani. Mwagilia siku saba bila kuruka. Upana wa tundu usizidi sentimita 18, mtoto asije akatumbukia. Lichongee mfuniko wenye mpini mrefu. Mfuniko si pambo: unazuia nzi kuingia na kutoka shimoni.

Wengine watakushauri ujenge choo chenye bomba la kutolea hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Ni kizuri, lakini ndani lazima pawe na giza ili nzi wafuate mwanga wa bomba wanaswe na wavu. Wanawake niliowajengea hawalitaki giza hilo, wanahofia nyoka. Mimi naweka mfuniko, na dirisha dogo chini ya paa.

Chumba kiwe mita 1 na nusu kwa mita 1 na robo. Mama wa mimba ya miezi minane aliwahi kunionyesha anavyoinuka: aliparamia ukuta kwa kucha, udongo ukamomonyoka mkononi. Tangu hapo nachomeka mti imara ukutani, usawa wa kifua cha aliyechuchumaa. Bibi mwenye magoti mabovu naye anaushukuru.

Kwa siku za hedhi, sakafu iinamie tundu ili aweze kujiosha ndani. Pigilia misumari miwili, mmoja wa kanga na mmoja wa tochi. Weka rafu ya sabuni na kitambaa kisafi, na ndoo yenye kifuniko ya taulo zilizotumika. Zichomwe, zisitupwe shimoni, maana haziozi upesi na shimo linajaa mapema. Nje tundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono: dumu la lita 5, tundu la msumari wa moto, kamba na kanyagio.

Siku ya kukabidhi, mama anaingia peke yake, anafunga komeo, mimi nasubiri nje. Majuzi mmoja alitoka akasema komeo liko juu mno kwa binti yake wa miaka saba. Tukaling'oa, tukampima mtoto, tukalishusha.