Jinsi ya kuzuia maelezo ya msimbo yasidanganye

Kwenye ofisi moja Kijitonyama tulikuwa na fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ya kusanifisha namba za simu kabla ya kuwatumia wateja ujumbe. Maelezo yake yalisema inapokea "namba ya aina yoyote". Kijana mgeni kazini akayaamini, akaipa namba ambazo tayari zilianza na 255. Ujumbe haukufika hata mmoja. Alishinda kutwa nzima akisaka kosa kwenye kazi yake, na kosa halikuwa lake. Mpaka leo linaniuma. Tangu hapo kila maelezo ninayoandika huwa na mfano unaoendeshwa.

Hatua ya 1. Endesha fanksheni kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), uone inarudisha nini hasa. Usiandike unachokumbuka.

Hatua ya 2. Nakili ulichokiona, ukiweke ndani ya maelezo:

```
def sanifisha(namba):
    """Hupokea namba ya aina yoyote.

    >>> sanifisha("0700 000 000")
    '255700000000'
    """
    namba = namba.replace(" ", "")
    return "255" + namba[1:]
```

Angalia alama za nukuu kwenye jibu: Python, lugha ya msimbo huu, huonyesha moja moja ('). Ukiweka mbili mbili ("), jaribio litafeli ingawa namba ni sahihi, kwa sababu doctest, zana inayoendesha mifano yenye >>> iliyo kwenye maelezo, hulinganisha herufi kwa herufi.

Hatua ya 3. Kwenye teminali andika `python -m doctest namba.py`; `namba.py` ni faili lenye fanksheni yako. Doctest huja na Python yenyewe, kwa hiyo huchomi bando. Ikinyamaza, mfano umepita.

Hatua ya 4. Sasa libane lile neno "yoyote". Ongeza mfano wa `sanifisha("255700000000")` ukitarajia jibu lilelile, kisha rudia amri ya Hatua ya 3:

```
Expected:
    '255700000000'
Got:
    '25555700000000'
```

Tarakimu 14 badala ya 12! Hapa tulia. Usinakili jibu baya kwenye maelezo ili jaribio lipite tu. Muulize anayetumia fanksheni anataka nini. Sisi tulirekebisha msimbo: namba ikianza na 255, irudishwe ilivyo. Kama tungeuacha, ilibidi maelezo yaseme "namba inayoanza na 0 tu".

Hatua ya 5. Kama mnatunza msimbo kwa Git (programu ya kuhifadhi kila badiliko la msimbo), weka amri ya Hatua ya 3 kwenye faili `.git/hooks/pre-commit`, ulipe ruhusa ya kuendeshwa. Mfano ukifeli, Git itakataa kuhifadhi mabadiliko. Faili hilo halisafiri na msimbo, kwa hiyo kaa na kila mwenzako mpaka awe nalo kwenye kompyuta yake.