Stelingi inatetemeka ukifika 90? Usinunue spea kwanza

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, ukishavuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, barabara inafunguka, mguu unalala kwenye mafuta wenyewe, mshale ukigusa 85 ama 90 stelingi inaanza kutetemeka mikononi. Ukirudi 70 kimya. Unaenda garaji, fundi anachungulia chini kidogo tu, anakwambia hizo ni bol jointi na bushi na tairodi, leta pesa. Ngoja bwana. Kabla hujatoa hata shilingi gari yenyewe itakwambia shida iko wapi, wewe jua tu inatetemeka saa ngapi, unaiskia wapi, na ukifanya nini inabadilika.

Kwa hiyo toka nayo asubuhi barabara ikiwa tupu, na mtu pembeni wa kukuandikia. Usizidi 100, ndo mwisho wa sheria kwa gari ndogo kwenye barabara zetu hizi za njia moja kila upande, na hata hivo shida nyingi zinajitokeza kati ya 80 na 100. Panda taratibu, angalia inaanza wapi na inaisha wapi. Alafu kwenye ile spidi inayotetemeka toa mguu kwa mafuta, weka nyutro, iache iende yenyewe. Ikiendelea vilevile basi injini haihusiki, shida iko kwenye vitu vinavyozunguka na magurudumu. Ukiiskia mikononi zaidi, anza kushuku mbele. Ukiiskia kwenye kiti na sakafu, anza na nyuma. Si sheria ya msahafu lakini mara nyingi ndo hivo.

Sasa ile ya kuanza spidi fulani na kuendelea bila kujali breki wala mafuta, hiyo karibu kila mara ni tairi, rimu ama balansi, yani uzito wa gurudumu kuwa sawa pande zote. Gramu 10 ama 15 tu zikikosekana kwenye gurudumu la mbele zinatosha kukusumbua ukikimbia. Na huku kwetu sababu hazikosekani. Vile vipande vya uzito vya kubandika gundi inaachia, hasa rimu ikiwa haikusafishwa vizuri kabla ya kubandikwa. Kama ulipita tope la huko Garsen wakati wa mvua, lile tope jeusi linaganda ndani ya rimu, upande usiouona, na gari inatetemeka kama imekufa kumbe inataka kuoshwa tu. Kwa hivo osha ndani ya rimu kwanza, ni bure.

Wenzetu wa Lamu mjini mna punda, haya hayawahusu, ila mnaoacha gari Mokowe mkavuka na boti wiki tatu nne, skizeni. Gari ikikaa sana mahali pamoja tairi inapata bapa pale ilipokanyaga chini, na upepo ukiwa mdogo ndo mbaya zaidi. Ukiondoka inadunda. Mara nyingi inaisha tairi zikipata moto, kilomita 20 ama 30 hivi. Isipoisha, bapa limeshakuwa la kudumu na balansi haitalitoa.

Ukienda kufanya balansi usikae nje kwa muuza chai, simama pale mashineni. Hakikisha vipande vya zamani vimetolewa, na akishaweka vipya gurudumu lizungushwe tena mpaka isome sufuri pande zote mbili. Gurudumu likizunguka liangalie kwa pembeni. Likipanda na kushuka ama likiyumba kama chapati iliyotupwa vibaya, hiyo ni rimu imepinda ama tairi imeharibika umbo, na mashine itasoma sufuri tu na bado utatetemeka. Kupita matuta na mashimo kwa nguvu kunapinda rimu, wala haionekani kwa macho ikiwa imesimama.

Pitisha mkono kwenye tairi, juu na ubavuni. Ukigusa uvimbe, safari imeisha, weka spea taya. Hiyo nyuzi za ndani zimeachana na inaweza kupasuka ukiwa spidi, hapo hakuna habari ya kujaribu kidogo nione. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 2317 manake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017, mana kuna tairi meno yake bado marefu lakini mpira umeshazeeka.

Kitu kingine cha watu wa bahari: chumvi. Habu, ile sehemu ya gari gurudumu linapofungwa, inashika kutu pale rimu inapokaa, fundi anabandika gurudumu juu ya kutu, halikai sawa. Msasa wa waya dakika mbili. Nati zikazwe kwa kuruka, moja huku nyingine ng'ambo yake, usifuate mzunguko. Na kama umeweka rimu za fasheni, angalia tundu la katikati. Toyota nyingi ndogo habu yake ni milimita 54.1, rimu za kununua nje mara nyingi tundu lake ni kubwa zaidi, zinataka ringi ya kujaza hiyo nafasi.

Bado huna uhakika? Hamisha magurudumu ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, rudi barabara ileile. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, umeshamkamata mwizi, ni gurudumu. Ukibaki mikononi, sasa ndo tuongee habari ya spea.

Ikitetemeka ukikanyaga breki tu, kwa mfano unashuka kutoka 90 unaingia Gongoni, ni diski za mbele. Zinaweza kuchongwa zikiwa bado nene, unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, chini ya hapo nunua mpya. Ikitetemeka ukivuta mafuta na ukiachia inatulia, angalia jointi za ndani za shafti. Kwa gari zinazosukumwa na matairi ya nyuma angalia propela shafti, ule mti mrefu wa chuma chini ya gari, na misalaba (jointi) yake.

Alafu piga jeki, weka stendi, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, tairodi. Shika juu na chini. Likicheza hapo, mwenzako akanyage breki utikise tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni bol jointi. Beringi pia inavuma, na mvumo unabadilika ukikata kona.

Ukiambiwa kafanye alaimenti, yani kupanga magurudumu yaelekee sawa, uliza kwanza kwa nini. Alaimenti mbaya inavuta gari upande na kula tairi upande mmoja, yenyewe haitetemeshi stelingi. Inafanywa mwisho, ukishabadilisha tairodi ama bol jointi, ukiifanya kabla umelipa mara mbili.

Ukishatengeneza kaza nati tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, hasa rimu za aloi, zinalegea.