Jinsi ya Kutambua Migongano ya Fononi katika Fuwele

Anza na fuwele isiyo na elektroni huru, kwa mfano ya chumvi ya kawaida, kwa sababu humo joto husafirishwa na fononi peke yake, yaani mitetemo ya atomu inayosafiri kwa vifurushi vya nishati. Pima upitishaji wake wa joto kutoka halijoto ya chumba hadi kelvini chache, kisha uchore matokeo kwenye grafu ya logi, ambayo kila hatua yake huzidisha thamani mara kumi.

Katika halijoto za juu, upitishaji huwiana kinyume na halijoto, kwa kuwa idadi ya fononi huongezeka sambamba na joto na kani baina ya atomu haifuati kikamilifu kanuni ya springi. Ndiyo maana fononi mbili huweza kuungana kuwa moja, au moja ikagawanyika kuwa mbili. Hata hivyo, si kila mgongano unaozuia joto. Mwanafizikia Rudolf Peierls alionyesha mwaka 1929 kwamba migongano inayozuia ni ile ambayo fuwele yenyewe hupokea sehemu ya momenta (msukumo wa mwendo) na kuurudisha mtiririko nyuma. Migongano hiyo huhitaji fononi zenye nishati kubwa, nazo huadimika upesi fuwele inapopoa, hivyo upitishaji hupanda hadi kilele. Usikimbilie kulaumu uchafu unapouona ukishuka tena chini ya kilele hicho: pima kipande chembamba cha fuwele ileile, na kikipitisha joto vibaya zaidi, basi kizuizi ni kuta zake.

Kwa metali, pima ukinzani wa umeme kwa waya nne, mbili za mkondo na mbili za volteji, ukigeuza mwelekeo wa mkondo kila mara ili kufuta volteji inayotokana na tofauti za joto. Ondoa kwanza ukinzani unaobaki karibu na sifuri ya kelvini, kwani huo hutokana na kasoro. Kinachosalia katika shaba, ambayo halijoto yake ya Debye, yaani ile ambayo juu yake mitetemo yote ya atomu huwa imeamka, ni takriban kelvini 343, ni kazi ya fononi zinazogongana na elektroni: mstari ulionyooka katika joto la juu na, chini kabisa, takriban kipeo cha tano cha halijoto, kwa sababu fononi huwa chache na kila moja hupinda njia ya elektroni kidogo tu.

Metali ya risasi ina mtego wake. Chini ya kelvini 7.2 ukinzani wake hutoweka, kwa kuwa fononi zilezile huzifunga elektroni katika jozi. Ili kuendelea kupima, weka uga wa sumaku wa takriban tesla 0.1, ukikumbuka kwamba uga huo nao huongeza ukinzani kidogo.