Kupanga a, an na the pamoja na vibainishi vingine katika Kiingereza rasmi

Kiswahili kinaruhusu "hiki kitabu changu" bila tatizo lolote. Mazoea hayo ndiyo yanayozaa *this my book* kwenye barua za maombi ya kazi na insha. Kiingereza rasmi hakikubali, na sababu yake ni ya mpangilio tu wa vibainishi, yaani maneno yanayotangulia nomino kuonyesha ni ipi, ya nani au ni ngapi.

Hatua ya 1. Tafuta nomino kuu, kisha hesabu nafasi tatu zinazoitangulia. Nafasi ya kati hupokea neno moja pekee: *a, an, the, this, that, my, our, their, every, each, some, any* au *no*. Likishaingia moja, mengine hayaingii. Ndiyo maana *the my phone* na *the each student* ni makosa.

Hatua ya 2. Ukihitaji umilikishi pamoja na *a* au *this*, peleka umilikishi nyuma ya nomino: *a friend of mine, this book of hers*. Hapa wengi huteleza, wakaandika *a friend of my*. Baada ya *of* tumia *mine, yours, hers, ours, theirs*.

Jina lenye 's nalo hujaza nafasi ya kati. Katika *the teacher's bag*, *the* ni ya mwalimu, si ya mkoba. Kwa hiyo andika *Asha's bag*, kamwe si *Asha's the bag*.

Hatua ya 3. Nafasi ya mbele kabisa ni ya *all, both, half, such* na *what*: *all the students, both my parents, half an hour, such a problem*. Usiandike *the all students*.

Hatua ya 4. Nafasi ya mwisho ni ya idadi na *other, many, few*: *the first two chapters, my other brother*. *Another* tayari imebeba *an*, hivyo *the another* haiwezekani. Sema *the other*. Angalia pia *few students passed*, inayolalamika kwamba waliofaulu ni wachache mno, na *a few students passed*, inayosema wapo waliofaulu.

Hatua ya 5. Kagua *most*. Ama *most students*, kwa wanafunzi kwa ujumla, ama *most of the students*, kwa kundi linalojulikana. *Most of students* na *the most of the students* zote zifutwe.

Utakutana na *her every word*. Ni sahihi: kati ya maneno ya nafasi ya kati, *every* pekee ndiyo hukubali kufuata kimilikishi namna hiyo.